Barua ya wazi kwa halmashauri za Tarime na Serengeti: mkitupima macho, tuuzieni na miwani

KWA: Waheshimiwa Wenyeviti wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani na Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, Halmashauri ya Mji wa Tarime na Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti.

NAKALA: Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mara, Bohari ya Dawa (MSD), Kanda ya Mwanza, Waheshimiwa Wabunge wa majimbo ya wilaya hizi mbili.

YAH: MIWANI YA KUPIMIWA KWA BEI TUNAYOIMUDU

Waheshimiwa,

 

Sikuipitisha barua hii masjala kwa sababu jambo lenyewe si la mtu mmoja, na barua za masjala tunajua zinavyojibiwa: suala lako linashughulikiwa. Kwetu Mara jambo la wengi husemwa mbele ya wengi. Wakurya wana ritongo, mkutano wa jamii ambako jambo la wote husemwa, na leo nimeomba nafasi nisimame hapo niseme, nanyi mnisikie hadi mwisho kama desturi inavyotaka.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Serengeti, mwenye ndugu na wakwe Tarime. Wazazi wa watoto niliowafundisha, na siku hizi hata wastaafu wenzangu, huniuliza: Mwalimu, miwani ya bei nafuu inapatikana wapi? Wananitajia Musoma, Mwanza, Sirari, ng'ambo ya mpaka, mnadani, kambi ya macho ijayo. Mimi nadhani swali hilo ni lenu, na jibu la haki ni moja tu. Miwani ipatikane palepale macho yanapopimwa, kwa bei iliyobandikwa ukutani. Yote ninayoandika hapa chini yanaelekea hapo.

MALALAMIKO NA HOJA

1. Tunapimwa, kisha tunapewa karatasi.

Mtu akipimwa malaria na ikaonekana anayo, anaelekezwa dirisha la dawa. Hakuna mganga anayemwandikia dawa ya mseto kisha akamwambia aende akaitafute Mwanza. Kwenye macho, hilo ndilo jambo la kawaida. Mgonjwa anakaa foleni, anasomeshwa chati, anajaribishiwa lenzi mpaka herufi zinatulia, anaandikiwa namba ya jicho la kulia na ya jicho la kushoto, halafu anakabidhiwa karatasi na kuambiwa atafute duka. Tiba yake ni miwani, na miwani haipo. Kwenye takwimu za kituo anahesabiwa kuwa amehudumiwa. Nyumbani anarudi haoni kama alivyokuja.

Kambi za macho zimetusaidia sana, hasa kwa wazee wenye mtoto wa jicho, na wanaozileta nawashukuru. Lakini kambi huja na kuondoka. Anayehitaji miwani anaihitaji maisha yake yote, na namba hubadilika, fremu huvunjika, lenzi huchubuka. Huduma inayokuja kwa tangazo la kipaza sauti haiwezi kubeba hitaji la kila siku.

2. Gharama ya miwani huanzia stendi.

Mkazi wa Gorong'a au Machochwe akitaka miwani ya namba yake hasafiri mara moja. Anakwenda kupimwa, anaagiza, anaambiwa arudi baada ya siku kadhaa kuichukua, na ikiwa inabana puani au inamtia kizunguzungu anapaswa kurudi tena ikarekebishwe. Kila safari ina bodaboda hadi barabara kuu, basi hadi Musoma, au zaidi ya kilometa 200 nyingine kutoka Musoma hadi Mwanza. Kuna chakula, kuna pa kulala, kuna siku za shamba au biashara zilizopotea. Mzee hawezi kwenda peke yake, na mtoto haendi bila mzazi, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili.

Akifika dukani, bei haijaandikwa popote. Anaulizwa kwanza anatoka wapi na analipa kwa bima au fedha taslimu, kisha ndipo bei inatajwa. Lenzi za namba ileile zinaweza kuuzwa elfu sitini duka hili na laki na nusu duka la pili, na tofauti kubwa ikawa fremu tu. Mteja hajui lenzi ni kiasi gani, fremu ni kiasi gani, na kama kipimo alicholipia ni sehemu ya bei au ni juu yake. Simlaumu mwenye duka, maana anafanya biashara. Nauliza kwa nini huduma za umma zimemwachia soko lote.

3. Miwani ya mnadani inasaidia baadhi yetu na inawadhuru wengine kimyakimya.

Kwenye minada na magulio yetu mnafahamu meza za vijana wanaouza miwani ya kusomea kwa elfu chache. Unajaribu moja baada ya nyingine mpaka maandishi ya kwenye kisanduku cha kiberiti yaonekane, unalipa, unaondoka. Sitaki vijana hao wafukuzwe. Mtu aliyevuka miaka arobaini, ambaye macho yake yote mawili yana nguvu sawa na shida yake ni ya karibu tu, anaweza kusaidiwa vizuri na miwani iliyotengenezwa tayari, namba +1.00 hadi +3.50. Kwa wengi wa umri huo tatizo halizidi hapo: lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa na umri, ikashindwa kubadili umbo kwa ajili ya kitu cha karibu.

Lakini meza ya mnadani haiwezi kumsaidia mtoto asiyeona ubao. Haiwezi kumsaidia mwenye jicho moja lenye namba tofauti na lingine, wala ambaye konea, kioo cha mbele cha jicho lake, haikuumbwa duara sawasawa, akahitaji lenzi iliyokatwa kwa pembe yake. Kubwa zaidi, haiwezi kumwambia mnunuzi kwamba kinachomfifisha macho si umri, ni presha ya macho, ugonjwa unaokula mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi bila maumivu, na ambao haurudishi kilichopotea. Mtu huyo anabadilisha miwani ya mnadani kila mwaka, akipanda namba, huku muda wa kuokoa macho yake ukipita. Anachokosa ni mtu wa kumwangalia kabla hajauziwa.

4. Watoto wetu wanafeli kwa kutoona, na tunaita uzito wa akili.

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika kwa wanafunzi wa sekondari jijini Mwanza, jirani yetu. Kati ya wanafunzi 2,511 waliopimwa, 154 walikuwa na kasoro kubwa ya uoni inayorekebishika kwa miwani, takriban 6 katika kila 100. Kati ya hao, wenye miwani hawakufika hata theluthi. Utafiti huo ulifanyika mjini, kwenye maduka ya miwani na hospitali ya Bugando. Fikirieni sekondari ya kata iliyoko bondeni mwa Mto Mara.

Mwalimu yeyote anawafahamu watoto hawa. Ni yule anayefinya macho na kukunja uso akitazama ubao. Ni yule anayenakili kutoka daftari la mwenzake, na ukimhamishia dawati la nyuma, alama zinashuka. Kutoona mbali huanza au kuzidi katika umri wa shule, na mtoto mwenyewe hasemi, kwa kuwa hajui kuwa wengine wanaona zaidi yake. Miwani ya namba sahihi inamrudishia ubao siku hiyohiyo. Sijui kifaa kingine cha elimu chenye faida ya haraka kiasi hicho kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Na tusijidanganye kwamba cheti cha miwani kinatosha. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa shule za sekondari za Dar es Salaam. Kundi moja la wanafunzi wenye uhitaji lilipewa miwani bure, kundi lingine likapewa cheti tu waende wakanunue. Baada ya miezi mitatu, waliokutwa na miwani shuleni walikuwa 47 kwa 100 katika kundi la kwanza na 26 kwa 100 katika kundi la pili. Hiyo ni Dar es Salaam, mji wenye maduka ya miwani kila mtaa. Takwimu hiyo inawabana na wanaotaka kugawa bure kisha wakaondoka: hata waliopewa, zaidi ya nusu hawakukutwa nayo. Mtoto anaogopa kuitwa macho manne, na mzazi ameambiwa kwamba miwani huharibu macho. Elimu kwa wazazi na fremu ambayo kijana haoni aibu kuivaa ni sehemu ya tiba.

Majirani zetu wa Kenya walionyesha njia. Katika kaunti ya Trans Nzoia walimu walifundishwa kupima macho kwa simu ya mkononi, na wazazi wa watoto waliopewa rufaa wakawa wanatumiwa ujumbe wa kuwakumbusha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba 54 kati ya watoto 100 waliopewa rufaa walifika hospitali, wakati kwenye shule zilizobaki na utaratibu wa kawaida walifika 22 kati ya 100. Mwalimu, simu, ujumbe mfupi: hakuna hata kimoja hapo ambacho Mara haina.

5. Watu wazima wanapoteza kazi za mikono na haki zao.

Katika Wilaya ya Kongwa, Dodoma, watafiti waliwapima watu wa vijijini wenye miaka arobaini na zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: zaidi ya 60 kati ya 100 walikuwa na tatizo la kutoona karibu, na miongoni mwao wapatao 94 katika kila 100 hawakuwa na miwani. Kongwa na kwetu ni vijiji vya nchi moja.

Tatizo hilo huja mtu akiwa kwenye umri wa nguvu za kazi, akiwa na watoto shuleni. Fundi cherehani anashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mama anayechambua mchele au kahawa anaacha kokoto. Fundi simu anafunga kibanda. Huko Assam, India, wachumaji wa chai wenye miaka arobaini na zaidi walipopewa miwani ya karibu, uchumaji wao ulizidi kwa asilimia 21.7 kuliko wa wenzao ambao hawakupewa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2018. Tarime ni wilaya ya kahawa, na tunda bivu na tunda bichi vinatofautishwa kwa macho.

Zaidi ya kazi kuna heshima na usalama. Mzee asiyeona karibu anampa mjukuu au wakala namba yake ya siri ya simu amtolee pesa. Anameza dawa kwa kubahatisha kwa kuwa maandishi ya kwenye pakiti hayasomeki. Na katika eneo letu, ambako fomu za fidia, mikataba ya ardhi na mihtasari ya kijiji huamua hatima ya familia nzima, mtu aliyesoma hadi darasa la saba anaweka dole gumba kwenye karatasi aliyosomewa na mwingine. Yeye kusoma anajua. Anachokosa ni miwani.

6. Msamaha wa wazee unaishia mlangoni.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imetuahidi wenye miaka sitini na zaidi tusio na uwezo matibabu bila malipo, na madirisha ya wazee yameandikwa hospitalini. Tunashukuru. Lakini mzee anayepita dirisha hilo kwa ajili ya macho anaweza kumwona mtaalamu bure kisha akatoka na karatasi ya kununulia miwani. Kwa mwanachama wa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, hakuna bango linalomwambia kwa lugha nyepesi kama miwani imo au haimo kwenye mafao yake. Anajua akishafika kwenye kaunta. Sasa nchi ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Huu ndio wakati wa kulisema hili, kabla mazoea ya zamani hayajahamishiwa kwenye bima mpya.

7. Uwezo mnao.

Halmashauri ya Wilaya ya Tarime ina mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kilichotokana na marekebisho ya mwaka 2017, kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri husika. Juu ya hapo kuna ushuru wa huduma. Serengeti hakuna mgodi wa aina hiyo, lakini kuna hoteli na kambi za watalii, kuna Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona yenye vijiji vyake vitano, na kuna wafadhili waliokuja kwa ajili ya wanyama ambao wamekwishazoea kuchangia shule na afya. Mji wa Tarime una soko na biashara ya mpakani.

Nimeona fedha za namna hiyo zikijenga madarasa na zahanati, na ni jambo jema. Lakini darasa jipya halimsaidii mtoto asiyeona ubao wake. Vifaa vya chumba cha miwani ni sanduku la lenzi za majaribio, fremu ya kujaribishia, retinoskopu, kifaa cha kusoma namba ya lenzi na mashine ya kukata lenzi. Vinatoshea kwenye chumba kimoja na vinadumu miaka mingi. Kinachofuata ni akiba ya lenzi na fremu, na hiyo inajirudisha yenyewe miwani ikiuzwa.

MAOMBI YETU

Kwa hoja hizo, naomba yafuatayo kwa kila halmashauri:

Kwanza, hospitali ya kila halmashauri, yaani Nyamwaga, Mji wa Tarime na Mugumu, iwe na chumba cha miwani ndani ya uzio wake, kilicho karibu na kliniki ya macho, kinachofunguliwa siku zote za kazi. Mgonjwa atoke kwa mtaalamu aingie dukani, achague fremu, alipe, aondoke nayo au aambiwe siku ya kuichukua. Huduma ikiwa imekwisha kuanza mahali, iimarishwe kwa masharti haya.

Pili, bei zibandikwe ukutani na kwenye mbao za matangazo za kata: kipimo kiasi gani, lenzi kiasi gani, fremu ya kawaida kiasi gani. Iwepo fremu moja ya msingi, imara, kwa wakubwa na kwa watoto, ambayo bei yake haizidi gharama ya kuinunua na kuisafirisha. Anayetaka fremu ya fahari alipe zaidi, na ziada hiyo imbebe asiyeweza. Hospitali ya macho ya Aravind, iliyoanzishwa Madurai, India, mwaka 1976, imejengwa juu ya kanuni hiyo, anayemudu akimchangia asiyemudu.

Tatu, mauzo ya chumba hicho yawe na mfuko wake wa mzunguko, usiochanganywa na mapato mengine ya papo kwa papo. Fedha ya miwani inunue miwani. Kamati ya usimamizi ya hospitali isomewe hesabu zake kila robo mwaka, na muhtasari uwekwe wazi.

Nne, miwani iingizwe kwenye maoteo ya mahitaji yanayopelekwa MSD, kama dawa na vifaa tiba vingine, na MSD ikikosa, ununuzi ufanywe kwa mshitiri, yaani muuzaji teule, wa mkoa. Halmashauri tatu zikiagiza kwa pamoja, hata bila kungoja mkoa mzima, zitapata bei ambayo mwenye duka mmoja hawezi kuipata. Shirika la Afya Duniani liliiweka miwani kwenye orodha yake ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele mwaka 2016. Hatuombi anasa.

Tano, kila Februari, walimu wawili wa kila shule, waliofundishwa na wataalamu wa macho wa hospitali, wawapime macho wanafunzi wa Darasa la Tatu na Kidato cha Kwanza kwa chati ya herufi E. Kazi hiyo inahitaji chati, kamba ya kupimia meta sita na ukumbi wenye mwanga. Atakayeshindwa kusoma apewe rufaa, mzazi atumiwe ujumbe, na mtoto wa kaya isiyo na uwezo apewe miwani kwa fedha za uwajibikaji kwa jamii au mapato ya ndani.

Sita, wauguzi na matabibu wa zahanati na vituo vya afya wafundishwe kupima uoni wa karibu na kutoa miwani ya kusomea iliyotengenezwa tayari, na kutambua nani apelekwe hospitali. Halmashauri zishauriane na Baraza la Famasi na Baraza la Optometria kuona kama maduka ya dawa muhimu, yaliyojaa hadi vijijini, yanaweza kuruhusiwa kuuza miwani hiyo chini ya masharti. Na wale vijana wa minadani waalikwe kwenye mafunzo, wapewe kadi ya rufaa ya kumkabidhi mteja ambaye haoni vizuri kwa namba yoyote.

Saba, wazee wa msamaha wapewe miwani ya msingi bila malipo, na Waheshimiwa Wabunge watusemee miwani ya watoto na wazee iwemo kwenye kitita cha mafao ya msingi cha bima ya afya kwa wote.

MAJIBU AMBAYO HAYATATUTOSHA

Mtasema hakuna wataalamu. KCMC, Moshi, inafundisha optometria, na vijana wanaohitimu wanatafuta kazi. Ombeni kibali cha ikama, na wakati mnangoja, ajirini kwa mkataba kwa mapato ya ndani kama mnavyofanya kwa kada nyingine za afya.

Mtasema hii ni kazi ya Wizara. Wizara ndiyo yenye sera, lakini hospitali ya wilaya ni yenu, bajeti yake mnaipitisha ninyi, na mpango wa fedha za mgodi unakubaliwa mezani kwenu. Tena Serikali zote wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana mwaka 2021 kuongeza kwa pointi 40 za asilimia, ifikapo 2030, sehemu ya wenye kasoro ya uoni inayorekebishika kwa miwani ambao wamepata miwani inayowafaa, na Mei 2024 shirika hilo likazindua mpango wa SPECS 2030 kwa ajili hiyo. Lengo la Geneva, makao makuu ya shirika hilo, linatimia Nyamwaga au halitimii.

Mtasema miwani ni ghali. Mwalimu wa hisabati na fizikia wa Ujerumani, Martin Aufmuth, alianzisha mwaka 2012 shirika lenye miwani ya waya ambayo gharama ya malighafi yake haizidi sana dola moja ya Marekani. Nchini Malawi miwani hiyo inatengenezwa na kuuzwa kwa kiasi kinacholingana na ujira wa siku mbili tatu. Ughali tunaoulalamikia unatokana na umbali, bei zilizofichwa na kila mtu kununua peke yake, na hayo yote matatu halmashauri ina uwezo wa kuyaondoa.

MWISHO

Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na makisio yake yanaandaliwa miezi mingi kabla. Ninachoomba kwa haraka ni vitu vitatu: chumba cha miwani kiingizwe kwenye makisio yajayo ya kila halmashauri kikiwa na kasma yake; Tarime ikiweke pia kwenye mpango ujao wa uwajibikaji kwa jamii; na majibu ya barua hii, ombi kwa ombi, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata zote, ili aliyepo Sirari na aliyepo Ring'wani wasome jibu lilelile.

Baraza la madiwani ni mkutano wa hadhara. Baadhi yetu, wastaafu, wazazi na mafundi cherehani, tutahudhuria kikao cha bajeti katika halmashauri zote tatu, tukae kwenye viti vya wananchi, tusikilize kama kasma hiyo imesomwa. Ikisomwa, tutakuwa wa kwanza kuwahamasisha wazazi wawalete watoto. Isiposomwa, tutamuuliza kila diwani katani kwake, kwa jina lake, alisema nini siku ile.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Wilaya ya Serengeti, Mara.